Jinsi ya kulitumia jina Karel mbele ya Wacheki

Nafundisha wageni Kicheki hapa Praha, na jina ninaloanza nalo ni Karel. Ukilishika hili, majina mengi ya kiume hayatakusumbua.

Asili yake si ya Kislavi. Limetoka kwenye neno la Kijerumani cha kale la mwanamume, mtu huru. Hata Karel IV, mfalme wa Bohemia, alibatizwa Václav; jina la Karel alilichukua alipokuwa akilelewa kwa wafalme wa Ufaransa.

Anza na kuita. Usiseme "Karel!", sema "Karle!", maana Kicheki kina umbo lake la kumwita mtu. Ile e ya Karel, iliyo kabla ya l, hudondoka kila jina linapopata mkia. Achana na jedwali, kariri sentensi: Vidím Karla, namwona Karel. Dám to Karlovi, nitampa Karel. Jdu s Karlem, naenda na Karel. Zitamke kwa sauti, mkazo ukiwa silabi ya kwanza. Hapo ndipo Mswahili hujulikana, maana ulimi wetu hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema karLOvi, wao KARlovi.

Tahadhari: Karla ni jina la kike pia. Ukisikia "Vidím Karla", aliyeonekana ni mwanamume. Angekuwa mwanamke ungesikia "Vidím Karlu". Wanafunzi wangu hugombana na hili wiki nzima.

Kwenye umiliki tuna bahati, kwani ngeli zimeshatuzoesha. Karlův most, daraja la Karel. Karlova univerzita, chuo kikuu cha Karel, kilichoanzishwa 1348. Karlovo náměstí, uwanja wa Karel. Mkia unafuata kinachomilikiwa, sawasawa na la, cha na wa. Ila ukitaja na jina la ukoo, mtindo huo haufai tena. Vitabu vya Karel Čapek, ambaye tamthilia yake ya 1920 iliupa ulimwengu neno roboti, ni knihy Karla Čapka. Umeona? Hata e ya Čapek imekwenda.

Mtu mzima usiyemzoea usimwite Karle. Tumia pane, yaani bwana, na jina la ukoo, nalo libadilike: Novák anakuwa "pane Nováku". Kája, kifupisho cha Karel, ni la nyumbani na la marafiki, ngoja mwenyewe akuruhusu, kisha umwite "Kájo!"