Somo: Besi ya kwanza, kuinunua na kuiseti mwenyewe huku Mtwara

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya alinijia nyumbani Shangani na gitaa jipya la besi kutoka Kariakoo, nailoni haijabanduliwa yote. Hakukaa hata kitini. "Fundi, nimeuziwa kimeo." Nikaupiga uzi wa E, ule mnene kuliko wote, mtupu bila kuubonyeza: zzzz, kama nzi kwenye chupa. Halafu ukipanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo), nyuzi zimenyanyuka, unabonyeza kama unafunga gunia la korosho. Alishapata mtu wa kumwachia kwa nusu bei. Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoa alenkii, bisibisi na rula. Tulianza baada ya alasiri. Magharibi inaadhiniwa, kijana anapiga sebene.

Hakuuziwa kimeo. Aliuziwa gitaa ambalo tangu litoke kiwandani hakuna aliyelirekebisha. Dar unaweza kumpelekea fundi. Huku kwetu fundi ni wewe, kwa hiyo somo hili lina mambo mawili: kununua bila kupigwa, na kuiseti bila kuivunja.

Hatua ya 1: Igawe hela kabla hujatoka nyumbani

Kama una laki tano, gitaa lisile laki tano. Tenga ya seti moja ya nyuzi, jeki nzima (waya wa kuunganisha gitaa na amplifaya), seti ya alenkii na mkanda mpana wa begani (besi nyingi zina kilo 4 hivi, mkanda mwembamba utakukata bega kabla ibada haijaisha). Nimeona wengi wananunua gitaa la bei kubwa halafu wanalipigia jeki ya kuokota inayokatikakatika, kisha wanalaumu gitaa.

Jingine ni wakati. Msimu wa korosho ukifungua, kila mtu ana hela na kila muuzaji anajua. Mimi besi zangu mbili za mtumba nilizinunua mwezi Machi, kwa watu walionunua mpya Novemba. Sisemi zaidi.

Hatua ya 2: Dukani au kwa muuza mtumba

Usianze na jina lililoandikwa kichwani. Jina ni stika, na stika hubandikwa popote. Lishike gitaa, elekeza kichwa jichoni, uitazame shingo kwa urefu wake kama seremala anavyokagua ubao. Ikiwa imepinda kidogo mbele au nyuma, usiogope, hilo linarekebishika. Ikiwa imejisokota, yaani upande wa E unaelekea huku na wa G, uzi mwembamba kuliko wote, unaelekea kule, rudisha, mshukuru, ondoka.

Kisha omba kuona tundu la nondo ya shingo. Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi, na kichwa chake kiko kwenye kichwa cha gitaa au mwisho wa shingo karibu na mwili. Ingiza alenkii. Ikizunguka bure bila kushika, tundu limeshalika na mtu aliyetumia saizi isiyo yake. Hilo gitaa siku moja litakushinda.

Piga kila freti kwenye kila uzi. Ndiyo, zote, na muuzaji akinuna mwache anune. Zungusha vitufe vya sauti: vikikwaruza tu, ni vumbi, husafishika. Angalia skrubu za kwenye briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika ncha za nyuzi. Besi iliyokaa pwani muda mrefu skrubu hizo huota kutu zikagoma kabisa, na zikigoma huwezi kushusha wala kupandisha uzi.

Kwa anayetaka majina: Yamaha TRBX174, Squier za mtindo wa Precision, Ibanez GSR200. Zote ni za kuanzia na zinatosha kwa miaka. Hiyo ya Ibanez ina saketi inayotumia betri ya volti 9, na betri huendelea kuliwa muda wote jeki imechomekwa, hata kama hupigi. Ukimaliza, chomoa.

Hatua ya 3: Safari

Ikitoka Dar ni kilomita 560 hivi kwenye buti la basi. Legeza nyuzi kidogo tu, usizilegeze mpaka mwisho, maana nondo itabaki inaivuta shingo peke yake. Zungushia kitenge kichwani, hapo ndipo magitaa hukatikia. Na mwambie konda kwa mdomo wako kwamba mzigo huu haukaliwi na gunia.

Hatua ya 4: Nyuzi mpya

Usiseti gitaa kwa nyuzi kuukuu, utakuwa unaupima uongo. Nyuzi za kawaida za besi ya nyuzi nne zinaanzia 45 mpaka 105, huo ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. Badilisha mmoja mmoja ili shingo isishtuke. Uzi ukipita kifungo chake cha kukazia kule kichwani, acha kama sentimita 10, uukunje kwanza ndipo ukate. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kufumuka na uzi ukafa sauti. Zungusha mizunguko miwili au mitatu kuelekea chini.

Tyuni E, A, D, G. Tyuna ya simu mara nyingi hushindwa kuisikia E, kwa sababu mtetemo wake ni hezi 41 tu (mara 41 kwa sekunde) na maiki ya simu haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Dawa: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, utatoa mlio mwembamba kama kengele, wenye hezi 82. Huo simu itausikia.

Hatua ya 5: Shingo

Hapa ndipo watu huogopa, na hapa ndipo kazi ilipo. Shingo haitakiwi kunyooka kama rula. Inatakiwa kuinama mbele kidogo sana, kwa sababu uzi ukitetemeka hupanuka zaidi katikati na unahitaji nafasi.

Chukua penseli, ilaze juu ya nyuzi kwenye freti ya 1, uifunge kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Nyuzi zitakuwa zimebonyea. Kwa mkono wa kulia bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula yako. Tazama freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na freti panatakiwa pawe na uwazi wa milimita 0.3 hivi. Unene huo ni kama kadi ngumu ya mchango wa harusi, ambayo sidhani kama kuna nyumba hapa Mtwara inaikosa. Kadi ya benki ikipita, umezidi, ile ina milimita 0.76.

Uwazi ukizidi, shingo imeinama mno mbele: kaza nondo, kwa kuzungusha kulia kama saa inavyokwenda. Pasipokuwa na uwazi kabisa, shingo imepinda nyuma: legeza, zungusha kushoto. Robo mzunguko tu. Tyuni tena. Pima tena. Ikigoma, usitumie nguvu ya kufungulia tairi la gari. Na hakikisha alenkii imejaa tundu. Magitaa mengi ya Asia hutumia milimita, mengi ya Marekani hutumia inchi, na saizi mbili zinaweza kukaribiana kiasi cha kukudanganya mpaka tundu liwe duara.

Ile besi ya kijana ilikuwa imepinda nyuma. Ndiyo maana E mtupu ilikwaruza kwenye freti za mwanzo. Kuna mtu, sijui nani, alitaka kuuficha mkwaruzo kwa kunyanyua nyuzi kule kwenye briji, ndiyo maana freti ya 12 ikawa mlima. Ugonjwa ulikuwa shingoni, dawa ikapakwa mguuni.

Jambo hili halifanywi mara moja ukasahau. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema. Mimi napima mvua zinapoanza, mwezi wa 12 hivi, na napima tena kusi ikishakaza. Wakati mwingine sigusi kitu, lakini napima.

Hatua ya 6: Kimo cha nyuzi

Kwenye briji kuna vyuma vidogo vinne, kila uzi umekalia kimoja. Mimi naviita vikalio. Kila kimoja kina viskrubu viwili vya kukipandisha na kukishusha. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi: E milimita 2.5, G milimita 2, A na D katikati ya hapo. Kama unapiga kwa mkono mzito, ongeza kidogo. Angalizo: rula ya shule haianzii sifuri kwenye ncha, ina kipande cha ziada. Kikate, au nunua ya chuma.

Hatua ya 7: Intonesheni

Maana yake ni uzi kusema kweli juu na chini. Piga ule mlio wa kengele wa freti ya 12, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Tyuna ionyeshe kitu kimoja. Ukibonyeza sauti ikapanda, uzi ni mfupi: rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikishuka, kisogeze mbele. Tyuni upya kila unapogusa.

Kama mtu ameshavivuruga vikalio vyote na hujui pa kuanzia, pima milimita 864 kutoka kwenye kile kizingiti chenye mifereji kichwani mpaka kikalio cha G, halafu D, A na E ziwe nyuma yake kidogo kidogo, E nyuma kuliko zote. Kipimo hicho ni inchi 34, alichotumia Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, kwenye Precision Bass yake ya mwaka 1951, na besi nyingi bado zinakifuata. Lakini kipime kwanza: ukipata 762 hivi, una besi fupi ya inchi 30.

Hatua ya 8: Pikapu

Ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazonasa mtetemo. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 3 chini ya E na 2.5 chini ya G. Ukiziinua zaidi sumaku huvuta nyuzi na noti huyumba. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Newala: Kaka, amplifaya sina. Naweza kuchomeka kwenye sabufa ya nyumbani?

Jibu: Itatoa sauti, lakini nyembamba na iliyofifia, kwa sababu pikapu isiyo na betri haijatengenezwa kwa tundu la redio. Inahitaji kitu katikati, hata pedali ndogo yenye pre-amplifaya (ya kuikuza sauti kwanza) au mixa yenye tundu la gitaa. Na ukiipata, sauti iwe ya chumbani. Muziki uliorekodiwa umeshafinywa, lakini mpigo wa besi hai huruka ghafla na kuchana karatasi ya spika. Kwa mazoezi ya usiku nunua kiamplifaya cha kuchomeka earphone. Na ukinunua amplifaya ya mtumba, soma nyuma yake. Ikiandikwa volti 120 peke yake, hiyo ni ya umeme wa Marekani. Huku kwetu 230 itaikaanga.

Lindi mjini: Shikamoo fundi. Nyuzi zangu zinaota kutu ndani ya miezi miwili, na seti mpya siyo bei ya mchezo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada. Jasho na upepo wa chumvi hao. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, usiliache gitaa ukutani karibu na dirisha la baharini. Zikifa sauti, zivue, zichemshe dakika 10 kwenye maji matupu, zikaushe kabisa juani kabla ya kuzirudisha. Zinafufuka kwa siku kadhaa, hazifufuki milele. Ila zilizopukutika kutu zitupe, zitakula freti. Kuna pia nyuzi bapa, zisizo na mikunjo ya nje. Hizo ni ghali zaidi lakini hukaa miaka, na sauti yake ni nzito ya kizamani. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipigia nyuzi bapa na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike.

Masasi: Nikishika nyuzi huku mdomo ukigusa maiki, napigwa shoti ya midomo. Wenzangu wanasema ni kawaida.

Jibu: Si kawaida, na usipige tena mpaka litazamwe. Mara nyingi amplifaya na mixa zimechomekwa sehemu mbili tofauti, na moja haina etha (waya wa kwenda ardhini). Zichomekeni zote kwenye soketi moja yenye etha, na mumwite fundi umeme aipime hiyo etha yenyewe. Kama kuna aliyekata ule mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye ekstensheni, plagi ibadilishwe leo. Mnaimba mkiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, mnacheza na roho zenu.

Mikindani: Nianze na nyuzi nne au tano? Kwaya yetu inapenda funguo za chini.

Jibu: Nne. Uzi wa tano, B, una hezi 31 hivi, na spika nyingi za makanisani hazifiki huko, utasikia mguno tu. Ukishajua kuseti nne, tano ni hesabu ileile.

Tandahimba: Fundi, nimerudisha kikalio cha E nyuma mpaka mwisho na bado noti inapanda.

Jibu: Ulifuata mpangilio? Rudi hatua ya 4. Uzi mkuukuu, au uzi ulio juu mno, hauponi kwa intonesheni. Ukiwa juu, kuubonyeza tu kunauvuta na kuupandisha sauti. Shusha kimo kwanza. Ikibakia kidogo, chemchemi iliyo nyuma ya kikalio inaweza kufupishwa kwa koleo.

Chikongola: Yule kijana besi yake bado anaiuza? Nina laki mbili na nusu mkononi.

Jibu: Umechelewa, ndugu yangu. Mtafute mwingine Machi.