Gofu: panga miguu kabla hujainua fimbo

Mpira unaokwenda kombo mara nyingi umeharibika kabla fimbo haijainuliwa. Aliyesimama vibaya hulazimika kutafuta mizani katikati ya swingi (mzunguko wa kuinua fimbo na kuishusha kupiga mpira), na muda ule ni mfupi mno kwa kazi mbili: kujizuia asianguke, na kuurudisha uso wa fimbo, yaani bapa la kupigia, kwenye mpira. (Maelezo haya ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.)

Anza na aironi namba 7, fimbo yenye kichwa cha chuma ya masafa ya kati. Tanua miguu kiasi cha upana wa mabega, vidole vya mguu wa kushoto vikielekea nje nyuzi 20 hivi ili nyonga ipate nafasi ya kugeuka. Ukiwa bado wima, weka viganja pale mapaja yanapokutana na kiwiliwili, sukuma makalio nyuma, kifua kishuke chenyewe. Magoti yalegezwe mwisho, tena kidogo tu. Wengi huanza na magoti, kama mtu anayetafuta kiti. Uzito unaenda visiginoni na mikono inakosa pa kupita.

Iache mikono ining'inie kutoka mabegani. Inapoangukia ndipo pa kushikia fimbo. Kati ya mwisho wa mpini na mapaja ipite ngumi moja au zaidi kidogo.

Uzito ukae katikati ya unyayo, chini ya kamba za viatu. Jipime: inua vidole ndani ya viatu, shusha, kisha inua visigino kidogo. Ukiyumba, jipange upya.

Uzito ukiwa vidoleni, kasi ya fimbo inaposhuka huuvuta mwili mbele zaidi. Mpira unakutana na shingo ya fimbo (pale kichwa kinapoungana na mti wake) badala ya uso, unachomoka chini kwa chini kuelekea kulia. Watu huhangaika kurekebisha mikono, ilhali tatizo liko miguuni. Wengine hukwepa kuanguka kwa kuinuka: nyonga zinasogelea mpira, mgongo unanyanyuka, na fimbo inauparuza mpira kwa juu.

Mgongo nao una makosa mawili. Ukipinda, mabega hayageuki vizuri, mikono inabaki kuinua fimbo peke yake. Ukibinuliwa kupita kiasi, kiuno kinakaza na baadaye kinauma. Pima kwa kulaza fimbo mgongoni: iguse kisogo, katikati ya mabega na kifandugu.

Kwa aironi 7 mpira ukae katikati ya miguu, ukisogea kidogo upande wa mguu wa kushoto, uzito nusu kwa nusu. Kwa draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, tanua miguu zaidi, mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto, bega la kulia lishuke kidogo, na mguu wa kulia ubebe kama asilimia 55, kwa kuwa mpira ulio juu ya tii (kijiti cha kuuinua) hupigwa fimbo ikianza kupanda. Usiuhamishie mkao huu kwenye aironi. Utachimba udongo kabla ya kuugusa mpira.

Mazoezi: bana miguu pamoja, piga mipira 10 kwa nusu ya swingi. Kisha piga swingi kamili na ugande mwishoni, kifua kikitazama shabaha, uzito karibu wote mguu wa kushoto, hesabu hadi 3. Ukijikuta umepiga hatua mbele, ulisimamia vidole. Ukirudi nyuma, visigino.