Unga wa majani ya lusina kwa wana-mbuzi, Bukavu

Kata majani ya lusina (mti wa malisho, Leucaena) kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua za Bukavu huozesha majani yanayoanikwa. Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Loweka majani kwenye beseni la maji safi usiku na mchana, ukibadilisha maji mara mbili, kisha mwaga maji hayo mbali na mifugo. Anika juu ya shitingi, tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara. Jani likivunjika kwa mlio mkavu ukilikunja, twanga, chekecha vijiti. Likijikunja tu bila kuvunjika, bado: ukilitia guniani litaota ukungu, na unga wa ukungu usimpe mnyama yeyote.

Anza kumpa mwana-mbuzi unga huu akishajua kula majani, huku bado ananyonya. Mwenye kilo 8 mpe gramu 20 za unga kwa siku, zilizochanganywa na pumba zenye unyevu kidogo (unga mkavu humkohoza), upandishe taratibu kwa wiki mbili hadi gramu 80. Usizidishe theluthi moja ya chakula chake chote. Manyoya yakianza kung'oka au mate kumdondoka, acha mara moja, umrudishie nyasi. Maji yasikosekane.