Unaharisha wiki ya pili sasa? Pima choo kwanza ndo umeze dawa

Kuharisha kwingi wala hakutokani na vimelea (vijidudu kama giadia na amiba wanaoishi ndani ya utumbo), ni virusi au bakteria na kunakata kwenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo kama umeanza juzi tulia kidogo, usikimbilie metronidazole (Flagyl). Anza kuwaza vimelea pale siku 14 zimepita na choo bado cha maji, au kinakata siku mbili tatu halafu kinarudi tena.

Wakati unasubiri, kunywa ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Usizidishe chumvi, hasa kwa mtoto. Mtoto aongezewe na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, kama hajafikisha miezi 6 ni miligramu 10, na aendelee kunyonya na kula kama kawaida.

Sasa kiangalie choo chako, ndio, kiangalie, hakuna namna. Kikiwa na mafuta mafuta, kinaelea, kinanuka vibaya kuliko kawaida, tumbo limejaa gesi na unabeua harufu ya yai bovu, hapo giadia anahusika sana. Kikiwa na damu na makamasi, tumbo linasokota, unakaa chooni unasukuma kinatoka kidogo tu, inaweza kuwa amiba, ila bakteria wa shigela naye anafanya hivyohivyo, tena damu ikiambatana na homa usisubiri wiki mbili, nenda leo. Kwa macho tu huwezi kujua ni yupi, ndo maana kipimo.

Na kwenye kipimo ndo watu wengi wanapokosea. Mtu anachukua choo asubuhi, anakipeleka saa nane mchana, halafu majibu yakija hakuna kitu anasema maabara hawajui kazi. Amiba akiwa hai kwenye choo cha maji anakufa haraka, choo kama hicho inatakiwa kiangaliwe ndani ya nusu saa hivi, kwa hiyo ni bora ukajisaidie palepale maabara. Kikopo kiwe kikavu, usichanganye na mkojo wala maji ya chooni. Giadia naye hatoki kila siku, leo yupo kesho hayupo, so kipimo kimoja kikisema hakuna usishangilie, rudia mpaka sampuli 3 za siku tofauti, au uliza kama wana kipimo cha antijeni (kinachotafuta protini za kimelea mwenyewe kwenye choo) maana kinamkamata vizuri zaidi. Halafu kuna amiba mwingine asiye na madhara ambaye kwenye darubini anafanana kabisa na yule mbaya, kwa hiyo majibu ya "amiba ameonekana" peke yake hayatoshi, muulize daktari.

Dawa sasa. Giadia kwa mtu mzima mara nyingi ni tinidazole gramu 2 mara moja tu, au metronidazole ya siku 5 hadi 7. Amiba ni metronidazole siku 7 hadi 10, LAKINI haiishii hapo, inafuata dawa ya pili kama paromomycin au diloxanide ya kuua wale waliobaki ndani ya utumbo, ukiiruka hiyo anaweza kurudi au akahamia kwenye ini. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, ni kawaida, vumilia, na pombe weka pembeni. Una mimba au unanyonyesha, sema kabla hujaandikiwa. Albendazole ni ya minyoo, kwa amiba haisaidii kitu. Na dawa za kufunga tumbo kama loperamide usiguse kama kuna damu au homa.

Anayeishi na VVU amwambie daktari mapema, kwake kuna kimelea mwingine, kriptosporidia, ambaye kipimo cha choo cha kawaida kinampita, inabidi kipimo chake kiombwe kwa jina, na kinachosaidia zaidi ni ARV zishike vizuri kinga ipande.

Ukishatibu giadia, maziwa yanaweza kukuvuruga tumbo kwa wiki kadhaa, haimaanishi dawa imegoma, acha maziwa kwanza uone. Ila mtoto macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, au anatapika kila anachokunywa, habari ya sampuli iache, wahi hospitali saa hiyohiyo.