Kuku Anapotaga Yai Laini: Anza na Unachochanganya Kwenye Chakula

Ukikuta asubuhi yai limelala chini ya mti wa kulalia likiwa na utando tu, linabonyea ukiligusa, usikimbilie sindano. Hesabu ni mangapi na ujue ni kuku yupi. Mtetea mchanga akidondosha moja au mawili katika majuma ya kwanza ya kutaga, mwache. Kuku aliyetaga zaidi ya mwaka naye hutoa yai kubwa kwa kiasi kilekile cha ganda, basi ganda huwa jembamba. Kazi ipo pale kundi lililokuwa likitaga vizuri linapoanza kutoa mayai yanayovunjika mkononi.

Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Karibu nusu ya kalsiamu anayokula kuku hutoka na kinyesi, kwa hiyo anayetaga kila siku anahitaji kama gramu 4. Lishe ya kutaga, ile ya gunia inayouzwa dukani, huwa na asilimia 3.5 hadi 4.5 ya madini hayo, na kuku hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Hesabu inatimia bila nyongeza yoyote.

Hesabu hiyo inaharibika gunia la lishe linapopanda bei. Huku Nakuru mahindi hayako mbali, basi mtu anachanganya gorogoro (kopo la kupimia) moja ya lishe na moja ya mahindi yaliyopondwa. Mahindi karibu hayana kalsiamu. Sasa kuku anapata gramu 2 na kidogo, nusu inapotea, na iliyobaki haitoshi hata ganda moja. Anakopa kwenye mifupa. Mifupa ikiishiwa, ganda linalainika, na baadaye unamkuta kuku ameketi kwenye takataka za sakafu, miguu haimbebi.

Omena, yaani dagaa, haitaziba pengo hilo. Ni chakula kizuri cha protini na mifupa yake ina kalsiamu, ila kwa kiasi unachoweza kumpa kuku mmoja bila kufilisika, bado uko mbali na gramu 4. Na omena ya vumbi mara nyingi unanunua mchanga.

Kinachofaa ni magamba ya konokono wa ziwani yaliyooshwa na kupondwa, au chokaa ya mifugo ya punjepunje kutoka agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo. Taja kabisa kuwa ni ya kuku. Chokaa ya kupaka ukuta huunguza koo na tumbo, na ile ya shambani, hata iwe ile inayochimbwa Koru, imesagwa kwa ajili ya udongo. Unga wake ni laini mno kwa kazi hii.

Ukubwa wa punje ndio siri ambayo wengi huikosa. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ni usiku, wakati kuku hali chochote, amelala tu. Unga hupita tumboni upesi. Punje zenye ukubwa wa kati ya wimbi na mtama hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole hadi alfajiri. Kwa hiyo weka kopo la punje hizo saa kumi jioni, pembeni, usichanganye na chakula. Kuku mwenye upungufu atalifuata mwenyewe. Anayekula lishe kamili atadonoa kidogo tu. Kama umechanganya nusu kwa nusu, tenga gramu 5 hadi 6 kwa kila kuku kwa siku. Anayeishi kwa mahindi na mabaki ya jikoni, gramu 10. Kuku kumi wa namna hiyo watamaliza nusu kilo kwa siku tano.

Maganda ya mayai pia yanafaa. Yaoshe, yakaange kwenye sufuria kavu dakika kumi mpaka yakatike kwa sauti, kisha yaponde hadi yasifanane na yai, la sivyo unawafundisha kula mayai. Ganda moja kavu ni kama gramu 5 au 6. Ila mayai yakienda sokoni maganda yanaenda nayo, basi hayatatosha peke yake.

Vifaranga na vijana wasifikiwe na kopo hilo, wala lishe ya kutaga, kabla ya wiki ya 16 hivi. Kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Mabadiliko huanza kuonekana ndani ya wiki moja. Yasipoonekana, tazama kwingine. Banda la giza humnyima kuku vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi, mtoe juani. Joto la Kisumu la Januari na Februari humfanya aheme, na kuhema huko hupunguza kile kinachojenga ganda. Mpe kivuli, maji baridi, na chakula alfajiri na jioni. Kicheche au paka akilitisha banda usiku, yai hutoka kabla ya wakati. Dawa za salfa za kuhara damu nazo hudhoofisha ganda.

Mwisho vunja yai moja kwenye sahani. Ute ukiwa kama maji, ganda limekunjamana, na kuku wanakohoa au kukoroma, hilo si la kopo la chokaa. Watenge wanaoonyesha dalili na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.