Somo: Umekaliwa kifuani, unatokaje? Jiu-jitsu ya Kibrazili na MMA (mapigano mseto ya ngumi, mateke na mieleka)

Somo hili ni la wale ambao tayari wanafanya mazoezi jimu na bado wanaganda wakikaliwa kifuani. Mwenzako amekubana kwa mapaja yote mawili, uzito wake uko juu yako, ngumi zake zinakufikia na zako hazimfikii. Kwenye UFC (shindano la MMA) ya kwanza kabisa, mjini Denver, tarehe 12 Novemba 1993, bondia Art Jimmerson alisalimu amri akiwa chini ya Royce Gracie, mwana-jiu-jitsu wa Kibrazili, katika hali hiyohiyo, hata mkono wake haujatiwa kufuli (kubanwa kiungo mpaka kiume). Ngumi alikuwa nazo, ila akiwa chali hazikuwa na kazi.

Tunafundisha njia mbili kwa pamoja, kwa sababu anayejua kukaa ataizuia moja, na kwa kuizuia atakufungulia ya pili.

Kwanza, mambo mawili ya kuacha leo. Usimsukume kifua kwa mikono iliyonyooka. Mkono ulionyooka ndio anaoutafuta, atauzungushia miguu na kiwiko chako kitakuwa kwenye kufuli. Pia usigeuke kifudifudi. Atakuacha ugeuke, ataingiza visigino vyake mapajani mwako, kisha atakukaba kwa nyuma.

Njia ya kwanza: daraja

Wabrazili wanaiita upa. Mfano huu ni wa kupindukia upande wako wa kushoto.

1. Bana viwiko mbavuni, viganja vikae karibu na kola kulinda shingo. Vuta visigino mpaka vibaki shubiri moja kutoka kwenye makalio.

2. Funga mkono. Akiweka mkono wake wa kulia kwenye kola au kifuani kwako, mshike kifundo kwa mkono wako wa kulia, na juu kidogo ya kiwiko kwa mkono wako wa kushoto. Ubane mkono wake kifuani mwako. Usipofanya hivyo atauchomoa na kuuegemeza mkekani.

3. Funga mguu wa upande uleule. Mguu wako wa kushoto upite nje ya kifundo cha mguu wake wa kulia, uukandamize ukiuvuta kuelekea makalio yako. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunga mkono wa kushoto na mguu wa kulia. Ukifanya hivyo hapinduki hata kidogo.

4. Piga daraja. Sukuma mkeka kwa nyayo zote mbili, inua nyonga juu kabisa, uzito wake uende upande wa kichwa chako. Ukishausikia umehama, ndipo ugeuke kupitia bega la kushoto, macho yakitazama nyuma ya bega hilo. Kuinua kwanza, kugeuka baadaye. Anayegeuka kabla ya kuinua anasukumana na uzito mzima ubavuni, na hiyo ni vita ya nguvu.

5. Ukipindua utatua ndani ya gadi yake, yaani katikati ya miguu yake. Usishangilie. Kichwa juu, mgongo wima, viganja kwenye tumbo la chini au mifupa ya nyonga, viwiko ndani ya mapaja yake. Wageni wengi hutoka chini vizuri kisha wanaacha mkono mmoja umelala kifuani pa mpinzani, na sekunde chache baadaye wamenaswa.

Siri yote iko hatua ya 2 na ya 3. Mtu aliyekukalia ni sawa na kitanda cha miguu minne: mikono miwili na magoti mawili. Ondoa miguu miwili ya upande mmoja, kitaanguka chenyewe upande huo.

Njia ya pili: kiwiko na goti

Hii ndiyo tunayoipenda zaidi, na ndiyo inayochelewa kueleweka. Itumie pale anapokataa kukupa mkono, ameitandaza mikono mbali kujishikiza. Akishajishikiza hivyo, magoti yake yanapungua uzito.

Lala kwa ubavu wa kulia. Mguu wa kulia uuweke bapa mkekani, wa kushoto ubaki umekunjwa, unyayo chini. Kigasha kimoja kikae kwenye mfupa wa nyonga yake, kiganja cha mkono wa pili kwenye goti lake lililo upande wa kulia kwako. Piga daraja dogo, si la kumpindua, la kumfanya awe mwepesi tu. Nyonga zikishuka, zirudishe nyuma kwa kuusukuma mguu wa kushoto, huku goti lako la kulia likipita chini ya goti lake mpaka likutane na kiwiko chako cha kulia. Goti likishaingia, kunasa mguu wake kati ya miguu yako miwili ni rahisi: hiyo ni nusu gadi. Kisha geukia upande wa pili, toa goti lililobaki, umfunge gadi kamili.

Kosa kubwa hapa ni kumsukuma yeye. Usimsogeze, jisogeze wewe. Mikono inashikilia nafasi uliyoipata, kazi ya kuitengeneza ni ya nyonga. Ukiona mikono imechoka kabla ya tumbo na mapaja, ujue ulikuwa unamsukuma.

Ratiba

Upa mara 10 kila upande bila upinzani. Kiwiko na goti mara 10 kila upande. Halafu raundi 3 za dakika 2: mnaanza umekaliwa, wa juu anatumia robo ya nguvu, kisha nusu, kisha karibu zote, bila kukaba. Ukitoka, rudini mwanzo. Ukiumizwa gonga mapema (ishara ya kusalimu amri), mara mbili au tatu, kwenye mwili wa mwenzako ili asikie. Mikono ikinaswa, sema kwa sauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, salama? Mimi nina kilo 58, mwenzangu ana 90. Upa haimwinui hata kidogo.

Salama. Usipige daraja wakati ametulia. Subiri anaponyanyuka kutafuta mkono wako au kola. Hapo kiti chake kimehama na kilo zake haziko tumboni kwako tena. Kwa tofauti kama hiyo, anza na kiwiko na goti, upa iwe ya kumtisha. Akijishikiza kuizuia, goti linapita.

Amepanda juu, magoti yako makwapani mwangu. Siufikii mguu wake.

Huwezi kuufunga ukiwa hapo, kwa hiyo usihangaike nao. Piga madaraja mafupi mfululizo ili aweke mikono mkekani mbele ya kichwa chako. Kila akijishikiza, shusha kiwiko kimoja ndani ya goti lake, kisha cha pili. Viwiko vikirudi mbavuni, ndipo uchague njia.

Je, akiingiza miguu yake ndani ya yangu na kunikumbatia kichwa?

Toa ndoano kwanza, yaani miguu yake iliyonasa yako. Nyoosha mguu, uuzungushe kwa nje mpaka wake uachie, kisha rudisha kisigino karibu na makalio. Mkono uliokumbatia kichwa chako umeshajifunga wenyewe. Zuia kiwiko chake kisitoke, funga mguu wa upande huo, piga upa.

Mimi ni wa MMA. Nikisubiri mkono ukae kwenye kola, napigwa. Tena hakuna kola.

Ni kweli, na wa gi (vazi la jiu-jitsu lenye kola) wasome hapa pia. Usikae mbali naye ukiwa chini; umbali ndio unaoipa ngumi nguvu. Linda kichwa kwa viganja na vigasha, inua nyonga ghafla au mgonge makalio kwa goti ili aangukie mbele mikono ikiwa mkekani. Hapo mkumbatie kiunoni, sikio lako libane kifuani kwake. Akiwa karibu hivyo, zungusha mkono wako juu ya mkono wake mmoja, ubane kwapani, halafu funga mguu na upindue. Kushika kifundo cha mkono jasho likiwa linatiririka ni kubahatisha. Na usishike uzio kujivuta, kanuni zinakataza.

Naomba kuuliza: kwenye mashindano ya jiu-jitsu nikimpindua kwa upa napata pointi?

Hapana, kwa kanuni za IBJJF (shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili). Pointi 2 za kupindua hutolewa ukianzia kwenye gadi au nusu gadi. Yeye alishachukua 4 zake alipokukalia na kutulia sekunde 3. Faida yako ni kwamba sasa uko juu, na ukiipita gadi yake unapata 3.

Shingo inaniuma siku ya pili yake. Ni kawaida?

Si kawaida kwa upa iliyopigwa sawasawa. Dada, angalia uzito unakaa wapi: juu ya bega, si juu ya utosi. Nyayo zikiwa mbali na makalio, mwili unatafuta nguvu shingoni. Pumzisha upa kwa sasa, fanya kiwiko na goti. Maumivu yakishuka mkononi au vidole vikifa ganzi, acha mazoezi umwone daktari.

Sina mwenza nyumbani. Naweza kufanya nini?

Daraja moja moja, bega la kulia kisha la kushoto, mara 20. Kisha kurudisha nyonga nyuma ukiwa umelala kwa ubavu, urefu wa chumba, kwenda na kurudi. Fanyia kwenye mkeka mnene au godoro jembamba. Sakafu tupu huchubua viwiko. Kufunga mkono na mguu hakufundishiki bila mtu, hilo lisubiri jimu.

Nimetokwa na baka la duara kwenye kigasha, linawasha. Nije na shati la mikono mirefu?

Usije kabisa. Huenda ni choa, na huambukiza kwa kugusana na kwa mkeka. Lionyeshe kituo cha afya, tumia dawa mpaka mwisho hata kama alama imefifia, na urudi ukiruhusiwa. Gi na taulo zifuliwe kila baada ya zoezi na zikauke juani. Mwambie na mwenza uliyefanya naye wiki hii, ajikague.