SOMO: "He said that", "he told me", na ile "kama" yetu yenye kutuchanganya mu Kiingereza

Jambo bandugu na badada, muko aje. Batu wanaombaka kila mara somo juu ya ile "that" yenye inafuata maverbe ya kusema, kuwaza, kujua, donc leo tuifanye mpaka chini. Mimi naona shida ya batu ya Bukavu haiko "that" yenyewe, shida inatoka ku bitu bibili tunabebaka kutoka nyumbani: Kifaransa yenye haiachake "que" hata siku moja, na Kiswahili yetu yenye "kama" inafanya kazi mbili kwa mara moja. Ukishaona hizo mbili, kwenye inabaki ni mazoezi tu.

Na musiseme Kiingereza ni ya ba ONG peke yake. Rwanda ilichagua kusomesha mu Kiingereza tangu 2008, vijana wa Kamembe wenye unaongea nao leo wakati umevuka Ruzizi wamesomea mu ile lugha, kisha Kongo nayo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022, kwa hiyo hata mwenye kuuza bitenge anaihitaji.

HATUA YA 1: Jua verbe yako inataka nani nyuma yake

"Tell" inataka mutu, mbio mbio. "He told me that the shop was closed." Huwezi kusema "he told that the shop was closed", aliambia nani sasa? "Say" yenyewe haitake mutu karibu: "He said that the shop was closed", na kama unataka kabisa kumutaja, weka "to": "He said to me that..." Ile "he said me" yenye nasikiaka kila siku ni "il m'a dit" imevaa suti ya Kiingereza. Iache.

"Explain", "complain", "announce", "report" zinatembea sawa na "say": "She explained to me that the price had changed." "She explained me" apana.

Na niliambiwa? Hapa batu mingi wanaandika "I was said that". Ni "I was told that", shika hiyo kabisa juu mu raporti inarudia kila fasi: "We were told that the road was open."

HATUA YA 2: Pima "kama" yako mbele ya kuitafsiri

Hapa njo penye kazi iko, tusikimbie. Mu Bukavu mutu akisema "aliniambia kama atakuya kesho", kila mutu anasikia: atakuya, basi, hakuna mashaka. Lakini akifika mu Kiingereza anaandika "He told me if he will come tomorrow", na Mwingereza anabaki anangoja fraze iishe, juu "if" kwake ni ya kuuliza ao ya sharti.

Fanya hivi. Chukua fraze yako ya Kiswahili, ku mwisho ongeza "ao hapana". Ikibaki na maana yenye ulitaka, andika "if" ao "whether". Ikiharibika, andika "that", ao usiandike kitu.

"Nilimuuliza kama bato imefika (ao hapana)." Inakubali. "I asked him if the boat had arrived."

"Aliniambia kama bato imefika (ao hapana)." Hapana, yeye aliniambia imefika, iko ku port, batu wanashusha mizigo. Kwa hiyo: "He told me that the boat had arrived."

"Sijui kama" itaenda karibu kila mara ku "if": "I don't know if she is home." Lakini "najua kama eko nyumbani", wakati uko na hakika, ni "I know that she is home". Neno moja mu Kiswahili, njia mbili mu Kiingereza, kwa hiyo usitafsiri neno, tafsiri kwenye unataka kusema.

HATUA YA 3: Ukiongea, iangushe

Kiswahili yetu inajua hii tayari. "Anasema anakuya." Nani anasemaka "anasema kwamba anakuya" ku soko ya Kadutu? Kiingereza vile vile: "She says she's coming." "I think it's late." "I know you're tired." Douglas Biber na wenzake, wataalamu wa lugha, mu kazi yao ya 1999 yenye walipima Kiingereza ya kuongea na ya kuandika, walionyesha mu maongezi "that" inaanguka mara mingi kuliko kubaki, zaidi sana nyuma ya "think" na "say", na mu maandiko ya wanasayansi inabaki karibu kila fasi. Donc mutu mwenye anaweka "that" kila fasi hakosei, ila anasikilika sawa mutu anasoma barua ya leta.

Kama unaisema, iseme mbio na bila nguvu. Ukiitia nguvu batu watafikiri unaonyesha kitu na kidole. Na usiweke koma mbele yake. "He said, that he was sick" apana. Koma ni ya wakati unarudisha maneno yenyewe ya mutu: He said, "I'm sick."

HATUA YA 4: Kwenye usiiangushe

Kwanza, wakati kuko siku ao saa katikati. Angalia: "The driver said yesterday the road to Kavumu was closed." Jana alisema, ao jana barabara ilikuwa imefungwa? Mu raporti hiyo inaweza kuleta kelele ya kweli. Weka "that" mbele ya "yesterday" ao nyuma yake, kulingana na yenye unataka: "said yesterday that the road was closed", ao "said that yesterday the road was closed". Hata shirika la habari Associated Press linaomba waandishi wake waiweke, wasiiangushe, kama kuko siku katikati.

Pili, wakati kuko maneno mbili za mutu mumoja. "The guard said the gate was closed and we went home." Nani alisema twende? Hakuna, sisi tulienda. Lakini kama ni yeye mwenye alisema mambo yote mbili, ya pili inaomba "that" yake: "The guard said the gate was closed and that we should go home." Batu wanasahauka hii sana.

Tatu, wakati jina lenye linafuata linaweza kudanganya jicho. "She heard the news was false." Jicho linasoma "she heard the news" kisha linagonga ukuta. "She heard that the news was false", inapita muzuri.

Na maverbe mazito, "state", "argue", "complain", "point out", yaachie "that" yao tu.

HATUA YA 5: Wakati

Hapa Kifaransa inatusaidia, mara moja. "Il a dit qu'il était malade", "He said he was sick". Kiswahili tunaacha sasa ("alisema eko mugonjwa") na njo maana batu wanaandika "he said he is sick". "Will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could". Basi.

MAULIZO YA BANAMEMBA

Mwanafunzi wa Panzi: Mwalimu, kama mutu angali anaishi Bagira mpaka leo, ni "he said he lives" ao "he said he lived"?
— Zote mbili ziko sawa, juu jambo lingali la kweli. Mu raporti mimi nachagua "lived". Mu maongezi "lives" haitashitua mutu.

Mama wa Nguba: Nilimwandikia mukubwa wa kazi "I want that you send me the list", akacheka. Kosa iko wapi?
— Mama, pole, asingecheka. "Want" haikamatake "that", ile ni "je veux que" yetu. Andika "I want you to send me the list", na kama ni mukubwa, "Could you send me the list, please" iko na heshima zaidi.

Kijana wa Essence: Na "suggest"? Naona mu barua "the doctor suggested that he rest", hakuna "s". Ni kosa ya kuandika?
— Hapana, iko vile vile. Nyuma ya "suggest", "recommend", "insist" wakati unaomba kitu kifanyike, verbe inabaki tupu, Wamarekani wanapenda hiyo, Waingereza wanasemaka sana "that he should rest". Yenye haiko ni "suggested him to rest".

Memba wa Kadutu: "He said that that bag was his." That mbili, inawezekana kweli??
— Inawezekana kabisa. Ya kwanza ni ya kuunga, sauti chini, ya pili inaonyesha sakoshi, sauti juu. Ikikusumbua, angusha ya kwanza: "He said that bag was his."

Kijana wa Essence tena: Mu mafilme nasikia "she was like, no way". Hapo "that" iko wapi?
— Haiko na haitakuya. "Was like" inarudisha sauti ya mutu, sawa vile unasemaka "akasema eti" na unamuiga. Na barafiki sawa, mu raporti usijaribu.

Mwenye kufanya biashara ku Ruzizi: Douane alinambia mzigo "is cleared". Nikirudisha kwa mwenye mzigo nasema aje, mbio?
— "They told me it's cleared." Akitaka uandike: "Customs told me that the goods had been cleared."